Wicca: mtu anaanzaje peke yake?

Ukikutana na neno Wicca katika simu, usikimbilie kusema ni ulozi. Ni dini mpya iliyotoka Uingereza. Gerald Gardner aliitangaza wazi kisha sheria ya zamani juu ya uchawi kufutwa mu 1951. Wafuasi wengi wanaheshimu mungu wa kike na mungu wa kiume, mwezi na majira. Shetani hayuko katika imani yao.

Mbele, mtu alikuwa anaingizwa na kikundi. Mu 1988, Mmarekani Scott Cunningham alitoa kitabu kwa wale wanaofanya peke yao. Namna gani wanaanza? Kwanza ni kusoma na kuandika katika daftari. Wengi wanajipa mwaka mmoja na siku moja. Nyumbani wanatayarisha meza ndogo: mshumaa, maji, chumvi, ubani. Wanafuata mwezi mpevu na sikukuu 8, zenye kufuata baridi na joto la Ulaya. Wakiwa tayari, wanajiweka wakfu wenyewe. Sharti kubwa: usimuzuru mtu.

Juu ya nini tunaeleza hii? Juu wengi wao wanajiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mchawi. Kule, mtu anajichagulia jina hilo. Huku kwetu Kivu, mama muzee anabandikwa nalo na majirani, na wamama wameshauawa hivyo. Kwa hiyo ukisikia neno hilo, uliza kwanza: nani amelitamka, na juu ya nani?