Pinboli Bila Sarafu: Kompyuta Kuukuu, Linux na Kabati la Mchezo Nyumbani Kisumu

Mzazi yeyote anayeishi ukingoni mwa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu mjini hadi Kendu Bay na Homa Bay, anazijua zile mashine za kamari za sarafu. Huwekwa nyuma ya kioski, na mtoto aliyetumwa sukari hurudi bila sukari na bila chenji. Serikali imezikamata na kuziteketeza, lakini hazijaisha. Ndugu msomaji, kumkemea kijana pekee hakutoshi, sharti umpe cha kufanya. Leo nitaeleza mashine nyingine yenye taa na milio kama ile, ila haili pesa, na ambayo kijana anaweza kuiunda mwenyewe.

Mchezo wenyewe unaitwa pinboli. Ni meza iliyoinama kidogo, na gololi ya chuma hurushwa juu yake ikagonga vizuizi na kukusanya pointi huku ikiteremka. Chini kuna vikasia viwili vinavyoendeshwa kwa vitufe vya ubavuni. Kazi yako ni kuipiga gololi irudi juu isitumbukie. Waliosomea kompyuta zama za Windows XP wanaukumbuka, kwa kuwa mfumo ule ulikuja na pinboli ya chombo cha angani, Space Cadet.

Mtu atauliza, je, hii si kamari kwa jina jingine? Swali hilo ni la haki, na historia inalijibu. Mashine za mwanzo hazikuwa na vikasia. Ulirusha gololi ukaiachia bahati, na watu wakawekeana pesa. Jiji la New York lilizipiga marufuku mwaka 1942, wakati wa meya Fiorello La Guardia. Vikasia vya kumwezesha mchezaji kuiongoza gololi vilikuja mwaka 1947, katika mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Hata hivyo marufuku ile ilidumu hadi 1976, mwandishi Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba gololi huenda anakoitaka mchezaji. Kwa hiyo kinachotenganisha mchezo na kamari si taa wala kelele. Kamari ni kuweka mali yako rehani kwa bahati. Kabati la nyumbani halina dau wala malipo, na anayeshinda ameshinda kwa jicho na mkono.

Mashine halisi mpya huko Marekani huuzwa zaidi ya dola 6,000, yaani zaidi ya shilingi 700,000 kabla ya usafiri na ushuru. Hiyo si bei ya mwananchi. Ndipo inapoingia pinboli ya kompyuta. Unachukua kabati la mbao lenye umbo la mashine halisi, unalaza skrini moja mahali pa meza, unasimamisha ya pili nyuma kwa picha na pointi, kisha ndani unaweka kompyuta ya kawaida. Kabati moja linabeba meza nyingi, na kubadilisha meza ni kuchagua faili tu.

Kwa nini Linux? Kwanza, ni programu huria. Huinunui, hukodishi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa huria. Pili, Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika haziruhusiwi kupokea Windows 11. Bado ni nzima, na Linux huzipa maisha mapya.

Programu kuu ya kazi hii ni Visual Pinball, iliyoanzishwa na Randy Davis mwaka 2000. Kwa miaka mingi ilitegemea Windows. Siku hizi toleo lake la 10.8 lina tawi linalojitegemea ambalo huendeshwa na Linux moja kwa moja. Huambatana na PinMAME, programu inayoiga bodi za elektroniki za mashine za zamani ili sauti na hesabu ya pointi ziwe zilezile. Asiyetaka kuhangaika na amri anaweza kuanza na Batocera, Linux iliyotayarishwa kwa michezo, inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukishapakua, intaneti haihitajiki tena. Bando linaisha mara moja, mchezo unabaki.

Sasa tushike nyundo. Mafundi seremala wa soko la Kibuye wanatengeneza vitanda na makabati kila siku, hivyo mpelekee fundi vipimo vya skrini yako. Pima skrini kwanza ndipo ukate mbao. Kompyuta iwe na kadi ya picha ya kujitegemea, hata iliyotumika, maana ile ndogo iliyojengwa ndani ya kompyuta ya ofisi huzidiwa na meza nzito. Kwa vitufe, njia ya bei nafuu ni kufungua kibodi kuukuu na kuunganisha nyaya kwenye bodi yake. Katika mpangilio wa kawaida, Shift ya kushoto na ya kulia ndizo vikasia, Enter hurusha gololi, namba 1 huanzisha mchezo, na namba 5 huhesabiwa kama sarafu. Huyo ndiye mwenye duka pekee humu, na hapokei kitu.

Mambo mawili huwasumbua wengi. La kwanza ni runinga kuchelewa. Runinga nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha. Gololi ikienda mita 2 kwa sekunde, na picha ikachelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, gololi imeshasogea sentimita 20 kabla hujaiona. Utalaumu mkono wako bure. Washa hali ya michezo kwenye runinga, au tumia skrini ya kompyuta. La pili ni madirisha kuangukia skrini isiyo yake. Linux ina njia mbili za kuchora skrini, X11 na Wayland. Wayland hairuhusu programu kujipangia mahali pa dirisha lake, kwa hiyo kwa kabati la skrini mbili, chagua X11 unapoingia.

Kisha kuna mambo ya ziwa letu. Stima hukatika bila hodi, na kompyuta ikizimika katikati ya kuandika faili, diski inaweza kuharibika. Weka betri ya akiba itakayokupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Wakazi wa Dunga wanawajua pia wale vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa kama mawingu. Feni ya kompyuta huvivuta ndani, navyo huziba njia ya hewa. Funika matundu kwa wavu mwembamba, na uupanguse mara kwa mara.

Tusisahau haki za watu. Programu kuwa huria hakufanyi kila faili kuwa huria. Data za mashine halisi ni mali ya waliozitengeneza, na meza nyingi zilizochorwa na wapenzi wa mchezo huu hutolewa kwa sharti kwamba zisifanyiwe biashara. Zipo meza za kubuniwa upya ambazo wenyewe wamezitoa bure, na hizo zinatosha kuanza nazo. Ukilitoa kabati barazani ukaanza kutoza shilingi kumi kumi, umevunja sharti hilo, na umerudi kulekule tulikokimbia.

Kabati hili halitamzuia kila kijana kwenda nyuma ya kioski. Lakini aliyepima mbao, akaunganisha nyaya, akasoma ujumbe wa kosa na kulitatua, amejifunza useremala, umeme na Linux kwa mpigo mmoja. Na aliyeifungua mashine akaona jinsi pointi zinavyohesabiwa ni vigumu kumdanganya kwa mashine iliyopangwa imle. Mpangieni saa, swala na masomo yatangulie, kisha mwacheni acheze. Samaki mkunje angali mbichi.