Herufi na Picha katika Ukurasa Mmoja: Sarufi ya Maelezo ya Picha za Masasi na Newala

1. Utangulizi

Mwaka 1925 László Moholy-Nagy, mwalimu Mhungaria katika chuo cha Bauhaus nchini Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu uchoraji, upigaji picha na filamu. Humo aliufafanua mchanganyiko wa herufi za chapa na picha ya kamera, akauita taipofoto. Hoja yake ilikuwa kwamba herufi si chombo cha kubebea lugha tu. Ina umbo, uzito na mahali pake katika ukurasa. Aidha, picha nayo inaweza kushika nafasi ya neno. Mhadhara huu unaichunguza dhana hiyo kwa mfano wa picha zilizopigwa Masasi na Newala mwaka 1906. Dai la msingi ni kwamba mchanganyiko huo ni suala la kiisimu pia, kwani maneno yaliyo chini ya picha ndiyo yanayoamua aliyepigwa picha ni nani.

2. Kitabu cha Weule

Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka makumbusho ya Leipzig, alifika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini hali ya usalama ilimfanya aelekee kusini. Kutoka Lindi alikwenda Masasi, mji ulio chini ya milima ya mawe, kisha akapanda hadi Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, panapotazama bonde la Ruvuma. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepita huko. Misheni ya Masasi iliharibiwa mwaka 1905. Weule alisafiri na askari na wapagazi, akiwa na kamera, chombo cha kunasia filamu na fonografu.

Matokeo ya safari hiyo yalichapishwa Leipzig mwaka 1908 katika kitabu kiitwacho Negerleben in Ostafrika. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1909, na mfasiri wake alikuwa Alice Werner, ambaye wanafunzi wa Kiswahili na lugha za Kibantu wanamfahamu vyema.

Kitabu cha namna hiyo kiliwezeshwa na mbinu ya uchapaji iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Picha hugawanywa katika nukta ndogo sana: penye giza nukta huwa kubwa, penye mwanga huwa ndogo. Kwa kuwa nukta hizo hupokea wino kama herufi zinavyoupokea, picha na maneno huweza kupigwa chapa pamoja. Kabla ya hapo, picha ya kamera ilibidi ichongwe upya au ibandikwe kwa mkono. Hivyo basi, ujirani wa picha na maandishi ulitokana kwanza na ufundi, na maana ikafuata.

3. Sarufi ya maelezo ya picha

Katika kitabu hicho watu wengi waliopigwa picha wametambulishwa kwa kabila na mahali tu: wanawake wa Kimakua wa bonde la Lukuledi, wanawake wa Kimakonde wa Mahuta. Kinyume chake, michoro iliyochorwa na watu wa msafara, akiwemo mnyapara Pesa Mbili, imechapwa pamoja na majina ya wachoraji. Aliyeshika kalamu alipewa jina. Aliyesimama mbele ya kamera, mara nyingi hakupewa.

Kiswahili kinaweza kuuendeleza upungufu huo au kuurekebisha. Tuchukue mfano wa kubuni, "Mwanamke wa Kimakonde." Kiambishi ki- hapa huonyesha namna au mtindo, mtu anakuwa kielelezo cha aina yake. Ukiandika "Mwanamke akitwanga," umeongeza tendo, lakini hujaongeza wakati. Kiambishi -ki- cha kitenzi hutegemea kitenzi kingine ili kipate wakati wake, na hapa kitenzi hicho hakipo. Katika gazeti jambo hilo halina madhara, kwa sababu tarehe na habari vipo kando. Katika picha ya mwaka 1906 iliyotengwa na matini yake, mwanamke huyo hubaki akitwanga milele, nje ya historia.

4. Jina la kanga

Utamaduni wa Waswahili una mfano mwingine wa kuunganisha herufi na picha. Kanga ina pindo, mji na maandishi, na maandishi hayo huitwa jina. Zipo kanga zenye picha ya kiongozi, kama vile Mwalimu Nyerere, zikiwa na maneno ya herufi kubwa. Tofauti na maelezo ya picha kitabuni iko katika nafsi. Maelezo ya picha humzungumzia aliye pichani kwa nafsi ya tatu, mbele ya watu wengine. Jina la kanga mara nyingi humsemesha anayetazama, na mvaaji ndiye mwenye kauli, ingawa hakuyatunga maneno yenyewe. Ni jambo la kutafakari kwamba kitambaa kina jina, ilhali mwanamke aliyepigwa picha Newala hana.

5. Hitimisho

Picha hizo haziwezi kupigwa upya, lakini maneno yanayoambatana nazo yanaweza kuandikwa upya. Anayeandaa maonyesho au kitabu cha kiada leo anaweza kuandika: "Mwanamke huyu alipigwa picha mwaka 1906. Jina lake halikuandikwa." Kionyeshi "huyu" kinamrejesha mtu mmoja badala ya aina. Kiambishi -li- kinamrudisha katika wakati wake. Kauli ya kutendwa inaonyesha kwamba kulikuwa na mpigaji, na ukanushi "halikuandikwa" unakiri kwamba jina lilikuwepo. Maneno hayo yachapwe kwa herufi zenye ukubwa unaostahili, karibu na uso wa mhusika, si kwa herufi ndogo mwishoni mwa kitabu. Maana mahali pa neno katika ukurasa ni sehemu ya kauli yake.