Mbolea Haifufui Grini Iliyouawa na Baridi

Kila mwezi wa Aprili, theluji inapoyeyuka katika viwanja vya gofu vya Ontario, Michigan na Minnesota na grini, yaani yale maeneo ya nyasi fupi yanayozunguka mashimo, kuonekana zikiwa na mabaka ya rangi ya majani makavu, wanachama wa klabu humwuliza msimamizi wa uwanja swali lile lile: ni mbolea gani itakayorudisha ukijani? Swali hilo linachukulia kwamba nyasi zina njaa, ilhali katika mabaka mengi hakuna tena kitu cha kulishwa, na kila juma linalopotea katika kulijibu hupunguza msimu wa kupanda ambao tayari ni mfupi. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni kama kitovu cha mmea kiko hai.

Kitovu, kwa maana inayotumika hapa, ni shina fupi mno, la milimita chache tu, lililo usawa wa uso wa udongo, ambako majani huchipuka kuelekea juu na mizizi kuelekea chini. Majani yakiungua na mizizi ikikatika, kitovu kilicho hai kitatoa mingine. Kitovu kikifa, mmea huo umekwisha, hata kama majani yake yatabaki na ukijani hafifu kwa siku kadhaa baada ya theluji kuondoka. Baridi hukiua kwa njia zaidi ya moja. Tabaka la barafu likikaa muda mrefu huzuia hewa, oksijeni iliyo chini yake huisha, na hewa ya ukaa pamoja na gesi nyingine hujikusanya hadi kuwa sumu. Nyasi iitwayo Poa annua, ambayo huvamia grini nyingi kongwe bila kupandwa na mtu, kwa kawaida huanza kudhurika barafu ikidumu kati ya siku 45 na 90, ilhali bentigrasi, yaani Agrostis stolonifera, yaweza kuvuka siku 100 ikiwa hai. Ndiyo maana barafu iliyoletwa na dhoruba ya Desemba 2013 kusini mwa Ontario, ambayo katika viwanja vingi haikuondoka kwa majuma mengi, iliangamiza grini za Poa annua huku mabaka ya bentigrasi yaliyo kando yake yakisalimika. Njia ya pili ni ya haraka zaidi: siku chache za joto mwishoni mwa majira ya baridi huyeyusha theluji, kitovu hufyonza maji na kupoteza ustahimilivu kilioujenga tangu vuli, kisha usiku mmoja wa baridi kali huyagandisha maji hayo na fuwele zake huharibu seli. Ukungu wa theluji nao, ambao ni ugonjwa wa kuvu wanaostawi chini ya theluji, mara nyingi huharibu majani na kukiacha kitovu kizima.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo inayoilisha imani ya mbolea. Baka lililoliwa na ukungu hupona lenyewe udongo unapopata joto, na ikiwa mtu alikuwa amelimwagia naitrojeni majuma mawili kabla, mbolea hupewa sifa isiyostahili. Vivyo hivyo, udongo wa grini kongwe umejaa mbegu za Poa annua zilizolala kwa miaka, na mbegu hizo huota zenyewe mwezi wa Mei, pawe na mbolea au pasiwe nayo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuielewa imani hii upesi, kwa kuwa mkulima wa mahindi wa Njombe au Trans Nzoia ameona mara nyingi shamba lenye manjano likigeuka kijani baada ya kuwekwa mbolea ya kukuzia. Lakini mahindi yale yalikuwa hai na yenye njaa, na hakuna mkulima anayeweka mbolea ya kukuzia kwenye shina lililokwisha kukauka akitarajia litoe majani.

Madhara ya kosa hili hayaishii kwenye fedha. Udongo ukiwa chini ya takriban nyuzijoto 10, mizizi hufyonza kidogo sana, na vijidudu vinavyoigeuza naitrojeni kuwa katika hali ya kufyonzwa hufanya kazi polepole. Grini zilizojengwa kwa utaratibu ambao chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliuchapisha mwaka 1960 zina takriban sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya kokoto, na mchanga huo haushikilii naitrojeni. Mvua za Aprili huishusha hadi kwenye mabomba ya kutolea maji, na kutoka huko kwenye vijito. Kiasi ambacho mimea michache iliyosalimika hukipata huisukuma itoe majani laini kwa kutumia akiba ya wanga ambayo ingejenga mizizi, na majani laini katika baridi yenye unyevu ni chakula cha kuvu wa Microdochium, ambao hawahitaji theluji ili kushambulia. Kisha kinachoonekana ni kinyume cha kilichotarajiwa, kwa sababu sehemu hai hukolea ukijani na zilizokufa hubaki kahawia, hivyo mabaka hujitokeza zaidi ya awali. Chupa za dondoo za mwani na molasi zinazouzwa kila mwaka kama dawa ya majeraha ya baridi zinastahili jibu hilo hilo, kwani hakuna kimiminika kinachorudisha uhai kwenye seli zilizopasuka. Inasikitisha kwamba bajeti ambayo ingelipia mbegu bora na vitambaa vya kufunikia huendelea kutumika hivi, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tu kunyunyiza kitu huonekana kuwa ni kufanya kazi.

Uchunguzi wenyewe ni rahisi, na unapaswa kuanza kabla theluji haijaisha. Vipande vya nyasi vyenye udongo wake hung'olewa kutoka sehemu zinazotiliwa shaka, hasa mabonde yanayotuama maji, huwekwa ndani ya nyumba penye joto na mwanga, na baada ya siku 7 hadi 14 hujulikana kilicho hai. Anayetaka jibu la haraka hukipasua kitovu kwa wembe: cheupe na kigumu ni kizima, cha kahawia na laini kimekufa.

Panapobainika kifo, kazi ifanywe upesi. Mabaka madogo huzibwa kwa vipande vilivyotolewa kwenye kitalu cha klabu kwa kifaa kile kile cha kukatia mashimo, chenye kipenyo cha milimita 108. Maeneo makubwa yasiyoweza kusubiri huwekwa mabamba ya nyasi, lakini yasiwe yaliyooteshwa kwenye mfinyanzi, maana tabaka hilo juu ya mchanga huzuia maji na kuitayarishia grini kifo kingine. Kwingine hupandwa mbegu za bentigrasi, gramu 2.5 hadi 5 kwa mita ya mraba, ndani ya mifereji au matundu yanayozigusisha na udongo, kwa kuwa zinazobaki juu ya nyasi zilizokufa hukauka. Kitambaa kinachopitisha hewa na mwanga hutandazwa juu ili kuusogeza udongo kwenye nyuzijoto 15 mapema. Maji huwa kidogo na mara nyingi kwa siku. Dawa za kuzuia magugu yasiote hazitumiwi, kwani huzuia hata mbegu hizi. Hapo ndipo mbolea hupata nafasi yake: fosforasi kiasi wakati wa kupanda, kisha naitrojeni takriban nusu gramu kwa mita ya mraba kila juma, miche ikishaonekana. Mashine ya kukatia huanzia milimita 6 na kushushwa taratibu.

Grini hiyo ifungwe, na wachezaji waelekezwe kwenye grini ya muda. Shinikizo la kuifungua hupanda mapema Aprili, mashindano ya gofu ya Masters yanapoonyeshwa kutoka Augusta na kila mwanachama kuuona ukijani wa Georgia, ambako majira ya baridi ni mepesi mno kulinganishwa na ya Ontario. Tangu mbegu kuota hadi grini kuhimili nyayo, majuma 6 hadi 10 ni makadirio ya haki, na tarehe ya kufungua huamuliwa kwa kuvuta miche kwa vidole na kuona kama imeshika udongo.