Kilomita Nyingi, Saa Chache

Ukiuliza safari ndefu kuliko zote za ndege za abiria zenye ratiba ya kudumu, utatajiwa Singapore hadi New York. Ni kweli. Tangu Novemba 2020 Singapore Airlines inaunganisha uwanja wa Changi wa Singapore na ule wa JFK wa New York, na leo hutumia Airbus A350-900ULR: kilomita 15,349 bila kutua popote, karibu saa 19 angani. Ndani mna viti 161 tu, na hakuna hata kimoja cha daraja la kawaida. Usidhani ni anasa tupu. Ni hesabu ya uzito. Mafuta ya safari ile ni mzigo mkubwa, basi abiria wapunguzwe, na wanaobaki walipe zaidi.

Lakini Machi mwaka huohuo, ndege ya Air Tahiti Nui ilikuwa imeshakwenda mbali zaidi: Papeete, kisiwani Tahiti, hadi Paris, kilomita 15,715. Kwa kawaida ilipitia Los Angeles, ila masharti ya korona ya Marekani yakaifanya ipite moja kwa moja. Cha kuchekesha ni kwamba Tahiti ni eneo la Ufaransa, hivyo ilihesabiwa kuwa safari ya ndani ya nchi! Nayo ilichukua chini ya saa 16. Ilizidi ile ya Singapore kwa kilomita 366, lakini ikachukua muda pungufu kwa karibu saa tatu.

Siri kubwa ni upepo. Huko juu, katika latitudo za kati, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayesafiri na Kenya Airways anaujua mchezo huu: Nairobi hadi New York ni kama saa 15, kurudi ni kama 14.

Boeing iliutumia upepo huo vilevile mwaka 2005. Ndege yake ya 777-200LR ilitoka Hong Kong kwenda London kwa kuzunguka makusudi upande wa mashariki, ikavuka Pasifiki, Amerika na Atlantiki: kilomita 21,602 kwa saa 22 na dakika 42. Hiyo ilikuwa safari ya maonyesho, haikuuza tiketi.

Kwa saa, mabingwa wangu ni wazee. Kati ya 1943 na 1945, vita vikiendelea, shirika la Qantas la Australia lilirusha ndege za majini aina ya Catalina kati ya Perth na Ceylon, Sri Lanka ya leo. Safari ilichukua saa 27 hadi 33, abiria wasiozidi watatu, na jua walilishuhudia likichomoza mara mbili.

Sasa Qantas imeagiza A350-1000 za kuunganisha Sydney na London, kama kilomita 17,000, kwa muda unaoweza kufika saa 22. Zikianza kazi, rekodi ya Singapore itaanguka kwa kilomita na kwa saa. Ya Catalina haitaguswa.