Adhana ya Mombasa Si ya Kitale

Hebu fikiria jioni moja ya Ramadhani mjini Kitale. Tende ziko sahanini, uji umemiminwa vikombeni, watoto wamekodoa macho. Mara redio inayotangaza kutoka Mombasa inatoa adhana. Kijana ananyoosha mkono, lakini nyanya yake anamzuia: "Ngoja, mjukuu wangu. Hilo ni jua la Mombasa. Letu bado."

Je, msomaji, nyanya huyo ni mkaidi tu? La hasha! Bila yeye, kijana angefungua kabla ya jua kutua, na saumu aliyoishinda kutwa nzima ingeharibika.

Sababu yenyewe si fumbo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kila dakika 4. Mombasa iko karibu nyuzi 39.7 mashariki, na Kitale nyuzi 35. Tofauti hiyo ni sawa na dakika 19 hivi. Bungoma, iliyo magharibi zaidi, huchelewa dakika 2 nyuma ya Kitale. Hata Nairobi huitangulia Kitale kwa dakika 7.

Isitoshe, saa za Kenya hufuata longitudo ya nyuzi 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Ndiyo maana saa sita mchana ikigonga, jua la Kitale halijafika utosini. Kwa wastani hufika saa sita na dakika 40. Katikati ya Februari huchelewa hadi kama sita na dakika 54, na mapema Novemba huwahi hadi kama sita na dakika 24, kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani mwaka mzima. Jua likishapinduka, Adhuhuri imeingia.

Wewe mwanafunzi unaweza kulipima jambo hili uani kwenu. Simika kijiti cha sentimita 30 wima. Kivuli kikifikia ufupi wake wa mwisho kisha kikaanza kurefuka, hiyo ni Adhuhuri. Tuseme kivuli hicho kifupi kilikuwa sentimita 5. Kikifika sentimita 35, yaani urefu wa kijiti ukiongeza zile 5, Alasiri imeingia kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani. Kwa Hanafi, urefu wa kijiti huhesabiwa mara mbili: ngoja sentimita 65.

Magharibi inataka uangalifu zaidi. Mombasa iko kusini ya ikweta, Kitale na Bungoma ziko kaskazini, kwa hivyo tofauti ya kutua kwa jua hubadilika kwa majira. Desemba, Kitale huwa nyuma ya Mombasa kwa dakika 10 hivi. Juni hufika karibu dakika 27. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni. Aliyefungua Kitale kwa adhana ya Mombasa alikula jua likingali juu.

Tena upo Mlima Elgon. Kwa mtu wa Bungoma mlima uko kaskazini, lakini kwa wa Kitale uko magharibi. Kuna miezi ambapo jua hujificha nyuma yake dakika kadhaa kabla ya kutua hasa. Usidanganyike. Geuka mashariki uone kama giza limeanza kupanda.

Isha na Alfajiri hazina jua la kutazama. Wataalamu hukadiria jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho. Wengine hutumia nyuzi 18 kwa Alfajiri, wengine 19.5, na kwa Isha wengine 17. Ndiyo sababu kalenda mbili za mji mmoja zaweza kuhitilafiana kwa dakika chache, wala hakuna aliyekosea hesabu.

Siku hizi simu hufanya hesabu hizi zote. Hata hivyo, hakikisha umeichagulia Kitale au Bungoma, si Nairobi wala Mombasa, na uulize msikiti wa mtaani kwenu unafuata hesabu gani.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Adhana ya redioni ni tamu kuisikiliza, lakini jua la kwenu ndilo lenye neno la mwisho.