Bulabo: Ukisimama Tu, Umeshapiga Kura!

Wadau, huku kwetu Machame ukikuta ngoma kwenye shughuli unaangalia, unatuza, unaondoka zako. Ukienda Usukumani na mazoea hayo utachemsha!

Bulabo ni mashindano ya ngoma yanayofanyika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye msimu wa sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi wa 6. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, aliyoyaanzisha padri David Clement kutoka Canada.

Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu. Yaani Simba na Yanga kabisa. Inasimuliwa kwamba zilianza na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali.

Sasa utamu uko hapa: pande zote zinacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndio maana utaona mtu kajiviringishia chatu, mwingine ana nungunungu. Wanakugombania wewe!

Kwa hiyo mgeni naye yumo mchezoni. Watu wamefanya mazoezi kwa muda mrefu, halafu wewe unakimbilia chatu upande wa pili ukapige picha, na wenzako kumi wanakufuata. Umeshawaangusha hivyo.

Ushauri wangu: zunguka kwanza, sikiliza nyimbo, ukipenda kundi simama nalo mpaka mwisho. Na picha omba kwanza.

Haya, nani kashafika Bujora? Ulisimama upande gani?