Kwa Nini Nchi Hutetemeka Bukavu

Chini ya udongo wa mashamba uko mwamba mgumu. Chini zaidi uko mwamba wa moto sana, usogeao polepole. Ule mwamba wa juu umegawanyika vipande vikubwa, kama chungu kilichopasuka. Ziwa Kivu limelala katika ufa, mahali ambapo vipande viwili vinaachana, milimita chache kila mwaka. Mwamba huvutwa, huvumilia miaka mingi, kisha hukatika ghafula. Hapo nchi hutetemeka. Ndivyo ilivyotokea Bukavu Jumapili, tarehe 3 Februari 2008. Nyumba zilianguka, watu wakafa.

Tetemeko haliletwi na mchawi, wala hakuna ajuaye siku yake. Basi, watoto, nchi ikitetemeka, ingieni chini ya meza imara. Mkiwa nje, kaeni mbali na kuta.